Mgeuze Mama Kwanza

Harufu niliipata nikiwa bado uani, na kwa harufu za namna hiyo mimi sibahatishi. Miaka ishirini na tano nazibua mabomba ya maji taka. Kwa pua tu naweza kukwambia choo kimeziba leo au juzi. Hii ilikuwa ya alfajiri.

Kaka yangu alikuwa sebuleni, madirisha yote wazi, feni inazunguka. Vitabu vimejaa mezani, kikombe cha chai kimekaa juu ya kimoja. Yeye ni mwalimu katika chuo cha wachungaji. Nyumbani tunamwita Msomi, na hajawahi kukataa.

"Mama amejichafua," akaniambia bila kuinuka. "Tangu saa kumi na moja."

"Sasa ni saa tatu."

"Ndiyo maana nimekupigia."

Mama alipata kiharusi mwaka juzi, upande mzima wa kushoto ukafa. Dada yetu ndiye aliyekuwa anamwogesha, anamgeuza, anamlisha. Jana dada akalazwa hospitali, akapasuliwa kidole tumbo. Tukabaki wanaume wawili.

"Kuna mwanamke nimemtafuta, wa kumlipa," Msomi akasema. "Atafika saa kumi."

"Saa kumi jioni? Alale humo kutwa, na vile vidonda vya mgongoni?"

"Mdogo wangu, mtoto wa kiume hatazami uchi wa mama yake. Hilo hata wewe unalijua."

Nalijua. Ndilo lililonifanya niketi. Nimeingiza mkono hadi kwapani kwenye mavi ya watu nisiowajua, nikatoka hapo nikanawa nikala. Lakini mama yangu! Nikabaki nimeketi. Nikajichukia, na yeye nikamchukia zaidi kwa sababu alikuwa anakunywa chai.

"Unaandika nini?"

Akachangamka. Alikuwa na somo saa nane, kuhusu kusudi la mwanadamu. Alinieleza polepole, kama anayemweleza mtu aliyeishia darasa la sita, na kweli niliishia hapo. Wanafalsafa wa kale, akasema, waliuliza kila kitu kina kazi gani. Kisu kazi yake kukata. Jicho kazi yake kuona. Mtu je? Kunywa maji na kunenepa hata boga linaweza. Kusikia maumivu hata punda anasikia. Kinachobaki ni akili. Basi mtu ameumbwa kufikiri, na kufikiri vizuri ndiyo heri yake.

"Na nani alikuwa anawazolea vyoo wakati wanafikiri?"

"Watumwa." Akakohoa. "Wao waliona kazi za mikono zinamnyima mtu nafasi ya kulifikia kusudi lake."

"Kwa hiyo mimi ni boga."

"Usinichokoze. Nusu ya pili nawaleta Wakristo wa kwanza. Hao walisema kusudi ni kumpenda Mungu na jirani. Tauni ilipoingia mjini, watu waliwatupa ndugu zao barabarani wangali hai. Wakristo wakabaki nao, wakawaosha, wakafa nao." Machozi yakamlengalenga. Kweli kabisa, machozi. "Waliwaosha, mdogo wangu. Kwa mikono yao."

Huko chumbani mama alikuwa anagonga ukuta kwa mkono wake mzima. Mara tatu, anapumzika, mara tatu.

Nikasimama.

"Inuka," nikamwambia. "Wewe shika mabega, mimi nitaosha. Mgeuze mama kwanza, tauni utaimaliza baadaye."

"Nimeshavaa shati la kufundishia."

"Livue."

"Na nikitapika?"

"Utatapika. Ndoo ipo."

Hakuinuka. Nikapasha maji, nikachukua beseni, sabuni na matambara. Glavu zangu za kazini nikaziacha kwenye begi. Kwa kule zilikopita, siwezi kumgusa mama nazo.

Nilipoingia mama alinitazama, kisha akafumba macho. Na mimi nikafumba yangu, nikaona ni upuuzi, fundi hafanyi kazi amefumba macho. Mavi yalikuwa yamepanda hadi mgongoni, yamekauka pembeni, shuka limeganda kwenye kidonda. Nikalilowesha kidogo kidogo, huku natukana.

"Matusi hayo umejifunza wapi?" mama akauliza, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo.

"Kazini, mama."

"Basi tukana polepole, unanikwaruza."

Ni mwepesi siku hizi, lakini kumshikilia kwa mkono mmoja na kuosha kwa mwingine hakukuwezekana. Akiteleza, kidonda kinavutika, naye anaguna. Nikamwita kaka. Akaja hadi mlangoni, leso iliyopigwa pasi ameibana puani, mkono wa pili bado una kalamu.

"Nani huyo?" mama akauliza. Alikuwa ameelekea ukutani.

"Mwanao mkubwa."

"Mwambie aingie au afunge mlango. Upepo unanipiga."

Nikangoja. Mkono wa kushoto umeshika bega la mama, wa kulia una tambara linalochuruzika maji. Nikamtazama kaka yangu usoni na, sitaficha, nilimwomba kwa macho.

Akafunga mlango. Taratibu, kwa adabu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

"Amebaki upande gani?" mama akauliza.

"Wa nje."

Nikapanda kitandani kwa magoti, nikamwegemeza mama kwenye paja langu, nikaendelea kuosha.