Kama Mwezi Uliopita

...na mvua yenyewe haina nia ya kukatika, imeanza alfajiri na bado inaendelea, paa la zahanati linapigwa mpaka mtu akiongea anasikika nusu, na Lamduan ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya nesi Fon, mikono mapajani, anaangalia kile kiduara kwenye skrini ya kompyuta kinavyojizungusha, kinazunguka, kinazunguka, na moyoni hamna kitu, hamna hofu, hamna machozi, ganzi tupu kama fizi ya mtu aliyetoka kung'olewa jino, ndivyo alivyo tangu juzi, maana juzi walipokuja kumwambia dada Bualai wa kijijini kwao ameanguka kando ya mtungi wa maji na kinywa kimepinda, alijibu tu, aha, akaendelea kutwanga pilipili, akatwanga mpaka ikawa uji... "Mvua ikinyesha tu mtandao unalala," nesi Fon anasema, anabonyeza kipanya, anabonyeza tena, "shangazi, nivumilie, faili la bibi Bualai likifunguka nasoma zile namba zako za presha, nampigia daktari wa mkoa, tumemaliza," na Lamduan anaitikia kwa kichwa, zile namba zako, ndiyo, zake, nani mwingine aliyeziingiza kama si yeye, kwa kidole hiki hiki... daktari amepiga simu mara mbili tangu asubuhi, mara ya pili nesi aliweka spika na Lamduan akasikia yote, damu imevuja kichwani mwa Bualai, upande wa kulia umelala, kuongea hawezi, na daktari anataka kabla ya saa sita aambiwe jambo moja tu, presha ya huyu mama ilikuwaje miezi hii ya karibuni, kama ilikuwa juu basi ndiyo iliyopasua mshipa, atatibiwa hivyo bila kuchokonolewa, lakini kama ilikuwa nzuri wakati wote basi kuna ubaya mwingine umejificha humo, itabidi wapitishe mrija kwenye paja mpaka kichwani wakautafute, na figo zake ni dhaifu, ile dawa ya kupigia picha yaweza kuzimaliza kabisa, "kwa hiyo niambie kweli," alisema daktari, sauti ya kijana, imechoka, "hao wahudumu wenu wa vijijini wanapima, au wanaandika tu?" na nesi Fon akacheka, "Daktari, huyu wetu ana miaka ishirini na tatu kazini, ripoti zake hazina pengo hata moja," akamkonyeza Lamduan, na Lamduan akatabasamu, mdomo ulitabasamu wenyewe, hakuutuma.

Hazina pengo, ndiyo, zamani za daftari zilikuwa nalo, daftari lilikuwa na huruma, mtu asipokuwepo unaacha mstari mtupu, nesi anauliza, unasema alikwenda mjini kwa mwanawe, yamekwisha, ila tangu walipowekewa hii programu kwenye simu hakuna cha mstari mtupu, ikifika tarehe ishirini na tano jina lisilo na namba linawaka jekundu, na jina moja likiwaka kijiji kizima kinakuwa chekundu kwenye ramani ya wilaya, mkuu wa kijiji anapigiwa, anakuja hadi mlangoni na mwavuli wake kuuliza umefanya nini, na pale chini ya fomu kuna kitufe cha kijani, Kama Mwezi Uliopita, unakigusa, namba zinajijaza zenyewe, Wilai ndiye aliyemwonyesha, mhudumu wa kijiji cha pili, walikuwa wanakula wali wa kunata nyuma ya zahanati hii hii na Wilai akalamba vidole ndipo akaishika simu, "Usiziache vilevile, dada, mashine itakushtukia, ongeza mbili huku, punguza mbili kule, unakoleza kama mchuzi," wakacheka, kupika namba, kila mtu anapika, nani asiyepika, mwezi wa tano Bualai alipimwa kweli, mia na ishirini na nane kwa themanini, na mwezi wa sita Lamduan akaandika mia na ishirini na sita kwa sabini na nane, wa saba mia na thelathini kwa themanini, wa nane mia na ishirini na nane kwa sabini na sita, namba nzuri, presha ya binti wa miaka ishirini anayecheza ngoma, na hii ya mwezi wa tisa ina umri wa siku tatu tu, aliikoleza tarehe ishirini na tano jioni akisubiri wali uive, kesho yake asubuhi Bualai akaanguka... "Hiyo kompyuta nayo ina presha," anasema mzee Sawaeng kutoka kwenye benchi la ukutani, ameleta goti lake kama kila wiki, "mpimeni, mtakuta mia mbili," na nesi Fon anamjibu bila kugeuka, "Babu, ukiendelea nitaanza na wewe, na leo nina sindano," mzee anacheka peke yake, anakohoa, anajifuta, na Lamduan anajiuliza kama amecheka naye au hakucheka, hajui, uso hauhisi.

Jamani ilikuwa mvua, si ni mvua, tangu mwezi wa sita barabara imekuwa tope tupu, nyumba arobaini na moja, magoti yake yana umri wa miaka hamsini na tisa kama yeye, na ile mashine ya presha inakula betri nne kwa mwezi, mkanda wake umechoka, unaachia hewa, mara mbili unampima mtu unapata namba mbili, sasa ipi ndiyo kweli, hata ungempima usingejua, ndiyo kusema, namba za kupikwa na za kupimwa zina tofauti gani basi... na Chutima jana, binti yake Bualai, ameshuka basi la usiku kucha kutoka kiwandani pwani, bado amevaa sare ya kiwanda, akaja mpaka kwa Lamduan kabla hajaenda hata hospitali, akapiga magoti pale sakafuni, akaunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa vidole, "Shangazi, asante, mimi niko mbali, nikijiuliza nani anamwangalia mama najiambia shangazi Lamduan yupo, kila mwezi yupo," na Lamduan akamshika mabega, akasema inuka mwanangu, inuka ule kwanza, akampakulia wali, akamkaangia yai, akakaa anamtazama anavyokula, na ndani kimya, kama anatazama mtoto wa watu kwenye televisheni... "Wapi," nesi Fon ananong'ona, "hii imefika nusu imerudi," anazima kitu, anawasha kitu, "shangazi, si unazo kwenye simu yako?" na Lamduan anasema chaji imekwisha, uongo umetoka laini kabisa, simu imo mfukoni imejaa chaji, anaihisi pajani... angefanyaje, akisema watamvua shati la kazi, sawa, shati ni kitambaa, lakini na huyu binti hapa, nesi Fon, kila ripoti ina sahihi yake chini, ataitwa wilayani, na kule kijijini watu wataanza kuuliza na yangu je, na ya mama yangu je, alinipima kweli au alinipika, watamtazama akipita, miaka ishirini na tatu, kuanzia wakati wa kupima joto na kugawa vyandarua, yote itaitwa uongo kwa ajili ya nyumba moja.

Nyumba moja... sasa tazama, ametamka mwenyewe, nyumba moja, kwa sababu zile arobaini alizipima, mvua hii hii, tope hili hili, magoti haya haya, kwa mzee Sawaeng kule ng'ambo ya mtaro alikwenda amebeba ndala mkononi, akaanguka, akaamka, akampima, pengine alimruka mmoja wawili, mwezi uliofuata akaenda kwao kwanza, ila Bualai ni miezi minne mfululizo, na nyumba ya Bualai haina tope, iko kwenye lami, basi isiwe mvua, tuache mvua, isiwe betri, ilikuwa ile sikukuu ya kurusha roketi za mianzi kuomba mvua, mwezi wa tano, wanawake wote jikoni mwa hekalu wanaparua mapapai mabichi, jasho, moshi, na yeye akamwambia Bualai apunguze samaki wa kuvundika, chumvi ile, dada, na dawa umeze kila siku, si mpaka usikie kizunguzungu, na Bualai, mwenye mdomo tangu wakiwa wasichana wa kuchunga nyati, akainua kisu juu, "Haya, kimya wote, daktari wa betri anaongea," jiko zima likaangua kicheko, "betri zikitolewa?" mmoja akauliza, "udaktari umekwisha," akajibiwa, na Lamduan aliyeachia shule darasa la nne akacheka nao, akacheka mpaka wote walipomaliza, akanawa mikono, akaenda nyumbani, akajilaza chali sakafuni mchana kweupe, akasema, basi ajipime. Ndivyo alivyosema. Hakuwahi kuyakumbuka maneno hayo mpaka sasa hivi, au aliyakumbuka kila mwezi na kuyaita mvua.

"Alikuwa hali gani mara ya mwisho ulipompima?" nesi Fon anauliza, macho kwenye kiduara, ni swali la kupitisha muda tu, na Lamduan anasema, "Alikuwa amekaa," basi, amekaa, na nesi anaitikia, mm, na hilo ni kweli, ni kweli kabisa, alikuwa amekaa, tarehe ishirini ya kila mwezi ndiyo siku ya kupima, kijiji chote kinaijua, na njia ya kwenda kwa wengine inapita mbele ya Bualai, hakuna nyingine, na kila mara alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mianzi chini ya nyumba yake ya nguzo, mwezi wa sita alikuwepo, wa saba alikuwepo, Lamduan akaongeza moto pikipiki yake na kutazama mbele, akajiambia amekaa hapo anicheke, wa nane tena, na huu wa tisa, siku nane zilizopita, kulikuwa na jua kidogo, alipita karibu kuliko siku zote maana kulikuwa na ng'ombe barabarani, na kwa pembe ya jicho aliona, aliona, kwa nini anasema hakuona, mkono wa kushoto wa Bualai ulikuwa umelazwa juu ya mto, kiganja kimetazama juu, blauzi ameikunja mpaka begani, hivyo ndivyo anavyokaa mtu anayesubiri kupimwa, hakuna anayekaa hivyo ili acheke mtu, na mwezi wa nane ilikuwa imekunjwa vilevile, na wa saba, miezi minne mwanamke yule ambaye hajui kuomba radhi, hajawahi kumwomba mtu radhi tangu azaliwe, alikaa pale chini ya nyumba siku nzima amekunja blauzi, na hiyo ndiyo ilikuwa radhi yake, na Lamduan akaongeza moto... kifua kinambana, mahali padogo, chini ya titi la kushoto, hapo tu, kwingine kote bado ganzi, na kwa mara ya kwanza tangu juzi anaona aibu, aibu hasa, si ya kijiji, si ya shati.

Programu haijui, inajua mia na ishirini na sita kwa themanini, kompyuta ikifunguka itasema hivyo hivyo kwa herufi zilizonyooka, na nesi atasoma, na daktari ataamini, na mrija utaingia kwenye paja, na hakuna mtu duniani atakayegundua, wanaojua ni wawili tu, yeye na Bualai, na Bualai amelala kule mkoani, upande umekufa, anasikia kila kitu, anajua kabisa hajapimwa tangu mwezi wa tano, pengine wakimwambia mama presha yako ilikuwa nzuri anatikisa kichwa, anatikisa, na wao wanafikiri ni ugonjwa. "Fon, mwanangu," Lamduan anasema, "hizo namba..." na nesi Fon anainua kiganja bila kugeuka, "Subiri, shangazi, subiri, naona kama inataka," na mzee Sawaeng anasema inataka kulala hiyo, na kiduara kinazunguka, saa ya ukutani ni saa nne na dakika ishirini, mvua haijapungua hata kidogo, na Lamduan ameacha kuitazama skrini, anatazama kisogo cha huyu binti, nywele zimebanwa kwa kibanio cha njano, anangoja ageuke tu, neno lenyewe ni moja na Bualai hawezi kulisema, sikumpima, tangu mwezi wa tano sikumpima, ameshalishika mdomoni na halimezi tena.