Vifungo Ishirini na Sita

Bi Pini alikuwa na makopo ya siagi sitini na moja, na hata moja halikuwa na siagi. Yalijipanga kwenye rafu za chumba chake cha ushonaji kutoka sakafuni hadi darini, meupe yote, kifuniko cha buluu, na jua lile lile la manjano likicheka ubavuni. Humo zilikaa zipu, chaki, lastiki na vifungo vya kila sura. Hayakuandikwa kitu. Mteja akitaka vifungo vya koti, Bi Pini alinyoosha mkono, akanyanyua kopo, akalipima hewani kidogo, akalirudisha, akanyanyua la pili, na hilo ndilo. Alijua kwa uzito. Kwa jambo hilo alijivuna waziwazi, pini zake zikiwa mdomoni, hadi watu wakachoka kumsifu.

Basi jirani yake, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu, alipoanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya makopo hayo hayo, alijua kwa Bi Pini atatoka jasho. Mwalimu hakuwa na ugomvi na watu wa mtaa. Shabaha yake ilikuwa kampuni. Kiwanda cha siagi kilikuwa mwisho wa barabara, na makopo yake yalikuwa kila mahali, mtaroni, uwanjani, nyuma ya shule. Wateja wa kiwanda walikuwa wamekubaliana kuyaosha, kutia barua ndani ya kila moja, na kuyapanga langoni hadi kampuni iridhie kuyapokea na kuyayeyusha yawe makopo mapya.

"Waliyatengeneza wao, wayachukue wao," alisema.

Bi Pini alimjibu kwamba kopo ukishalinunua ni lako, na kwamba anayetupa kopo zima hajawahi kushona. Walibishana wiki tatu kwa heshima zote, kikombe cha chai baada ya kikombe. Mwishowe, siku ya Jumatatu, ili tu apumue, Bi Pini alinyoosha mkono pasipo kugeuka kutoka kwenye cherehani, akapima, akashusha makopo matano yaliyokuwa mepesi kuliko yote. Barua hakuandika. Alisema yeye hana neno na mtu, na Mwalimu hakumlazimisha; aliyachukua yalivyo, bila kuyafungua.

Alhamisi asubuhi alishusha kopo la vifungo vya bibi harusi, akalifungua, akakuta hakuna kitu.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Bibi harusi alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Vifungo vilikuwa ishirini na sita, vidogo kama punje za mahindi, na kila kimoja Bi Pini alikuwa amekivisha kitambaa cha gauni la harusi la dada yake, kipande pekee kilichosalimika wadudu walipokula lililobaki. Vipya vingepatikana sokoni, lakini mama mtu angepatikana wapi? Alikuwa amevizungushia pamba visikwaruzane. Hapo ndipo jambo lilipomwingia. Kopo lenye vifungo vya kitambaa ndani ya pamba halizidi kopo tupu kwa uzito. Mkono wake, ule aliojivunia mbele ya kila mtu, ulikuwa umempa Mwalimu kopo la dada yake.

Alitoka roho juu, tepu shingoni, mguu mmoja ndala na mwingine kiatu.

Langoni makopo yalikuwa yamekuwa ukuta, elfu mbili na ushei, ukimpita mlinzi kimo. Mwalimu na wenzake walisimama pembeni na mabango yao, nyuso zimewashuka, kwa maana lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea ukuta ule. Meneja wa mauzo, kijana nadhifu mwenye simu mbili, alikuwa ameamuru kila kitu kipelekwe jaani kabla ya saa sita. Bi Pini hakumsalimu mtu. Alipita kati ya lori na makopo, akaketi chini.

"Humo mna vifungo vyangu," alimwambia dereva. Dereva akazima injini.

Alianza kazi. Alinyanyua kopo, akalipima kwa mazoea, akajicheka mwenyewe kwa uchungu, akalifungua. Barua. La pili, barua. Alizirundika mapajani, na kwa kuwa macho hayana pazia, alijikuta anasoma. Mlinzi aliyekuwa karibu akauliza zinasemaje, naye akamsomea moja.

"Mtaro wetu ukiziba, maji yanaingia jikoni, na kinachotangulia kuelea ni jua lenu la manjano likitucheka."

Mlinzi akaangalia pembeni kuficha tabasamu. Nyingine ilikuwa ya mtoto, kwa mwandiko mkubwa, akiomba wachukue makopo yao kwa sababu goli limejaa na kipa hana pa kusimama. Watu walianza kusogea. Akafungua la tisa, au la kumi, akasoma kwa sauti kabla hajafikiri.

"Mume wangu ni mlinzi wa lango lenu. Anawapenda sana na anaogopa kumwaga unga, ndiyo maana naandika kwa siri. Tafadhali chukueni makopo yenu, na msimwambie."

Watu wote wakamgeukia mlinzi. Lango lile lilikuwa na mlinzi mmoja tu. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba imeandikwa la kufanya, akaivaa tena.

"Huyo ni wangu," alisema. Akaweka rungu chini, akaketi, akaanza kufungua makopo.

Watu walicheka hadi mbavu zikawauma, na Mwalimu akacheka kuliko wote. Meneja aliuliza ni nini kitamwinua huyu mama, akaambiwa ni vifungo. Akaita wafanyakazi kumi waje wamsaidie kutafuta ili mambo yaishe upesi. Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake. Wale kumi wakasoma wakawaita wenzao, na muda si mrefu nusu ya kiwanda, kwa makoti yao meupe, ilikuwa imekaa chini inasomeana barua za majirani. Meneja mwenyewe alichukua moja asimame nayo kidogo, akaimaliza, akachukua nyingine.

Dereva wa lori ndiye aliyeviona. Alikuja na kopo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

"Mama, ni hivi?"

Bi Pini alifungua pamba, akahesabu hadi ishirini na sita, akalia mbele za watu bila haya yoyote. Meneja alishusha pumzi. Alisema kwa adabu kwamba sasa mama ameshapata chake, basi awapishe waendelee.

Bi Pini aliutazama ukuta. Zaidi ya nusu ilikuwa bado imefungwa. Miaka yote alijiona mtunzaji, mwanamke asiyetupa kitu, na kumbe alichokuwa nacho kilikuwa rafu tu, na hakuna rafu duniani ingeyatosha haya. Aliona aibu kidogo, kisha aibu ikaisha na akabaki na furaha ya ajabu, kama ya mtu aliyefika mahali alipokuwa akiitwa siku nyingi.

"Barua hizi bado hatujazisoma," alisema. Aliweka pamba kifuani, akachukua kopo lililofuata.

Saa nane meneja aliingia ndani, akapiga simu ndefu, akatoka na karatasi. Kampuni itaweka kizimba cha kupokelea makopo langoni, na ndani ya miezi mitatu itaanza kuyayeyusha. Mwalimu aliisoma mara mbili, akasahihisha neno moja kwa kalamu nyekundu, akasema sawa. Lori lililokuja kwa safari ya jaani likaingia kiwandani, na makopo yakapita mkono kwa mkono, wafanyakazi na wateja kwenye mstari mmoja, wakitaniana.

Jumamosi Bi Pini alifunga vifungo mgongoni kwa bibi harusi, kimoja kimoja kuanzia kiunoni, katika chumba kile kile alimomfungia dada yake gauni lake.

"Mama mdogo, mbona unakawia hivyo?"

"Ni vyepesi mno hivi," alisema, na akafunga cha shingoni.

Jumatatu alikwenda langoni na kopo vilimokaa vifungo hivyo. Mlinzi alilipokea, akalipima hewani kidogo kama alivyomwona yeye akifanya, akacheka, akamwuliza kama safari hii ana hakika halina kitu.

"Lina kitu," alisema Bi Pini. "Nimeandika barua."