Mvuta Mkokoteni wa Pombe

Kila Februari, huku kwetu Ostfriesland, kaskazini mwa Ujerumani, watu wazima wenye akili zao hujining'iniza glasi ndogo shingoni kwa kamba, kama mbuzi waliovishwa kengele, kisha hutoka kwenda kutembea kwenye baridi. Wanasema wanatafuta hamu ya sukuma wiki na soseji zinazowangoja hotelini. Uongo mtupu. Wanachofuata ni mkokoteni. Kila penye njia panda wanasimama, mkokoteni unafunguliwa, pombe kali inamiminwa. Na nchi yetu ilivyo tambarare, mashamba matupu na mifereji, sijui njia panda zote hizo wanazitoa wapi.

Mvuta mkokoteni ni mimi, Wiebke. Niliacha pombe zaidi ya miaka kumi iliyopita, basi chama chetu kizima cha matembezi kikaamua kwamba mimi ndiye ninayefaa kulinda chupa. Walijiona wamebuni jambo la maana sana. Jioni ndiye ninayewarudisha makwao kwa gari langu, wakiimba na kunitapikia viti. Huwa naenda kwa sababu mume wangu ameshafariki, na kijijini kwetu ukisusa matembezi ya sukuma wiki utaongea na paka wako mpaka mwaka ujao.

Binti yangu Fenna alikaa miaka bila kusema nami. Sasa nina ufunguo wa nyumba yake. Siku aliponipa alisema mara moja tu, bila kupandisha sauti: "Mama, tone moja tu, utanirudishia ufunguo." Sikubishana naye, maana najijua. Mimi sina tone moja. Nina chupa nzima, na ya pili yake.

Mwaka huu Enno, mdogo wa marehemu mume wangu na mwenyekiti wetu wa maisha, alinijia kwenye njia panda ya tatu na chupa iliyoviringishwa kitambaa.

"Shemeji, leo na wewe unakunywa!"

"Usinitanie, Enno."

"Miaka yote hiyo! Hata aliyevunjika mguu huwa anatupa magongo. Umepona bwana, acha woga."

"Kimoja tu, cha heshima," akadakia Antje, mke wake. "Kutwa juisi ya tufaha kama mtoto wa chekechea, huchoki?"

Kabla sijajibu, Enno alikwisha kuijaza glasi iliyoning'inia kifuani pangu. Ndiyo desturi, glasi ya shingoni haiombewi ruhusa. Wote wakanizunguka wakitabasamu, eti wananifanyia wema.

Harufu ikanipanda puani. Nasema kweli, mate yalinijaa mdomoni palepale, kana kwamba mimi na pombe tuliachana jana.

Nikaishika ile glasi, nikaimwaga barabarani.

Mngesikia kilio chao! Mwaka jana mwenzetu Talke alitumbukia mferejini, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Safari hii Antje aliweka mkono kifuani kama aliyefiwa.

"Ile ilikuwa ya marehemu baba!" Enno alifoka. "Si ungesema tu hutaki?"

"Nasema kila mwaka."

"Umetuharibia siku, shemeji."

"Basi vuteni wenyewe. Na jioni iteni teksi."

Nikamtia mpini mkononi, nikakata kupitia njia ya shambani kuelekea kwa Fenna. Nilitembea kwa maringo, shingo juu. Niliwacheka mmoja mmoja kwa jina, majuha wale wasiojua hata kuvuta mkokoteni. Baridi ikanitoa makamasi, nikapeleka mkono kufuta pua.

Glavu ya kulia ilikuwa imelowa. Pombe ilikuwa imeimwagikia yote.

Nikasimama. Hapakuwa na mtu mbele wala nyuma. Mkono ulikuwa umefika mdomoni na haukutaka kushuka. Mimi niliyetoka kuwadharau wenzangu nilikuwa nimesimama katikati ya shamba, mwanamke wa miaka sitini na tatu, nikitaka kunyonya sufu kama ndama. Nilitaka sana. Nikaivua kwa mkono wa kushoto, pumzi nimezibana, nikaitupa mferejini, kisha nikakimbia.

Fenna alifungua mlango.

"Mama! Mkono mwekundu hivyo, glavu yako iko wapi?"

"Nimeitupa mferejini."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa imelewa."

Hakucheka. Nikamweleza yote, pamoja na lile la shambani. Akanisogelea, akaninusa mdomo taratibu, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka saba akirudi kutoka shule. Nikaufungua vizuri anuse mpaka aridhike. Chama kizima kinaniambia nimepona. Huyu mmoja anajua kwamba sijapona wala sitapona, na ni yeye peke yake siku ile ambaye sikuwa na la kumcheka.

"Ingia," akasema. "Chai ipo."