Upepo wa Vidole Viwili

Saa nane na robo mchana Specioza alichuchumaa mbele ya pipa lake, akasukuma kibati cha tundu la hewa kwa upana wa njiti moja ya kiberiti, akangoja.

Pipa lilikuwa la mafuta, lita mia mbili. Marehemu mume wake Mutayoba, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyelikata mlango, akalifunga nondo ndani za kubeba nyavu za waya za kupangia samaki, akalikandika udongo na majivu kwa nje ili lishike joto. Juu alilisimamishia dohani iliyotokana na ekzosi ya Fuso. Chini alitoboa tundu moja upana wa kiganja, akaliwekea kibati cha kuteleza, kisha akalimwagia zege miguuni lisije likasogezwa na mtu. Mwaka uliofuata akafa kwa homa ya siku nne.

Kazi yote iko kwenye kibati. Ukikifungua sana, moto unapata hewa nyingi unapaa, na samaki anaungua nje huku ndani bado mbichi. Ukikibana sana, moto unakosa pumzi, moshi unakuwa mweupe mzito, na samaki anatoka mchungu kama dawa ya kienyeji. Moshi mzuri ni mwembamba, wa buluu, na asiyejua kazi atadhani moto umezimika.

Joto alilipima kwa Salamu Maria. Aliweka kiganja juu ya mdomo wa dohani akasali bila haraka. Akilazimika kuuondoa mkono katikati ya sala, joto limezidi. Akimaliza na kuanza ya pili bila kusikia kitu, joto limepungua. Mkono ukitaka kutoka wenyewe palepale kwenye Amina, basi mambo ni mazuri, na sato wa kilo moja ataiva kwa rozari sita nzima.

Jirani yake Dorcas, aliyekuwa anakaanga samaki hatua kumi kutoka hapo, aliwahi kumshikia zamu siku Specioza alipokwenda mazishini huko Magu. Dorcas ni Mlutheri. Alipima kwa Baba Yetu, akaungua kiganja.

"Ya kwenu ndefu, ina mkia wa 'kwa kuwa ufalme ni wako'," Specioza alimwambia aliporudi, akimpaka maji ya mshubiri.

"Mkia wenyewe ndio mtamu," Dorcas akasema. "Ndiyo maana sikutoa mkono."

Jumanne baada ya Pasaka mafuta ya sangara mmoja mnene yalidondokea makaa, moto ukaruka. Specioza akabana kibati chote mpaka mwisho ili kuukata pumzi. Moto ukatulia. Upepo wa ziwani nao ukatulia. Bendera ya ofisi ya mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ikalala kwenye mlingoti wake. Nguo kwenye kamba zikaning'inia wima. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta dagaa karibu na maji aliinua ungo mara mbili, makapi yakamrudia miguuni, akageuka kumwelekea Specioza kwenye pipa.

"Mama Venant, umeziba nini huko?"

Specioza alifungua kibati kidogo. Upepo ukarudi kidogo. Akafungua zaidi, bendera ikanyooka. Akabana tena, ikalala. Walijaribu mara tatu, Dorcas akisimama na kijiko chake cha kukaangia ili kuhakikisha, kisha Dorcas akasema yatosha, mafuta yake yanaungua.

Tangu siku hiyo mambo yakapata utaratibu wake. Wapepeta dagaa walikuja asubuhi kumwomba upepo wa saa moja. Wenye mitumbwi ya tanga walituma salamu wakiwa mbali bado, kwa kupunga shati. Katekista alimwomba Jumapili aache wazi kidogo, maana kanisani kuna joto na wazee wanasinzia kwenye mahubiri. Aliacha wazi. Wazee waliendelea kusinzia, ila kwa raha zaidi. Specioza hakujiona mkubwa kwa jambo hilo. Alikuwa anajua kubana na kulegeza hewa miaka mingi, na sasa hewa imekuwa nyingi zaidi, basi. Alichoongeza ni kuamka mapema.

Mwezi wa sita ikaja barua. Ilitoka kwa Yeremia, mwenyekiti wa mwalo, ambaye pia ndiye mwenye nyumba ya wageni, ile ya ghorofa moja iliyo ukingoni mwa maji, ina vyumba kumi na viwili na vyoo vya ndani. Barua ilisema wageni wanalalamikia harufu mbaya. Harufu hiyo, ilisema barua, inatokana na wabanika samaki, na kwa hiyo wabanikaji wote watahamishiwa juu, kando ya barabara iendayo Kisesa. Bwana afya atakuja Ijumaa kukagua na kutoa neno la mwisho.

Wabanikaji wote walikuwa Specioza peke yake.

Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha sala. Kule barabarani upepo wa ziwa unafika ukiwa umechoka, na pipa lisilovuta hewa ni pipa tu. Tena pipa lenyewe lisingefika. Zege lilikuwa limeshika miguu. Ukiling'oa, chini linapasuka, udongo unabanduka, na kazi ya Mutayoba inakuwa chuma chakavu cha kuuza kwa kilo.

"Kwani huyu anasikia harufu kwa pua gani?" Dorcas aliuliza. "Mimi nipo hapa miaka tisa. Harufu ipo, ndiyo, lakini si ya samaki. Samaki namjua."

"Ipo kila mahali," Specioza akasema. "Upepo unaichukua, unaichanganya. Huwezi kuiuliza imetoka wapi."

Alipoyasema hayo alikitazama kibati. Jioni hiyo aliongeza fungu moja kwenye rozari yake, akiomba asije akafanya jambo kwa hasira.

Ijumaa bwana afya alifika saa nne kwa pikipiki. Alikuwa kijana wa Bukoba aitwaye Muganyizi, mwenye faili la kijani na viatu visivyofaa mchangani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umeshakunywa chai?"

Yeremia, aliyekuja naye, alisema chai itanyweka kwake, kazi kwanza. Akanyoosha mkono kwenye pipa. "Hili hapa. Wewe mwenyewe unaisikia."

Muganyizi akainua pua. Alikiri anasikia kitu, na kitu chenyewe si kizuri. Alizunguka pipa, akanusa mlango, akanusa dohani, akapiga chafya. "Tatizo ni upepo," akasema. "Upepo huu unanichanganyia."

"Nikuzibie?" Specioza akauliza.

"Ukiweza, mama, utakuwa umenisaidia."

Specioza akachuchumaa, akabana kibati chote. Bendera ikalala. Muganyizi akashukuru, akafungua faili, na karatasi hazikupeperuka, jambo lililomfurahisha kwa sababu wiki nzima alikuwa anazishikilia kwa kiwiko.

Bila upepo, kila harufu ilibaki mahali ilipozaliwa, kama mbuzi waliofungwa kila mmoja kwenye kigingi chake. Ya samaki wa moshi ilizunguka pipa hatua tatu, ikaishia hapo. Muganyizi na Yeremia wakapita, wakaingia kwenye ya mafuta ya Dorcas, wakatoka. Wakavuka ya sabuni ya kipande kwenye beseni la mtu. Wakavuka sehemu tupu isiyonuka chochote, na Muganyizi akaandika hivyo. Yeremia alianza kubaki nyuma akisema ana simu ya kupiga. Wanawake wa dagaa waliacha nyungo zao wakafuata. Dorcas alifuata na kijiko.

Ile kubwa waliikuta nyuma ya nyumba ya wageni. Ilikuwa imesimama yenyewe, nzito, urefu wa mlango, na mtu aliyeingia humo aliona mpaka wake wazi. Katikati yake, chini ya mawe yaliyopangwa vizuri, lilitokea bomba nene la plastiki. Bomba lilitoka kwenye vyoo kumi na viwili, likaishia ziwani. Hatua kumi kulia kwake palikuwa na ubao wa watu kukanyaga wakichota maji.

Mwanamke mmoja aliitazama ndoo yake, akamwaga maji polepole, akabaki ameishika ndoo tupu.

"Hilo ni la muda," Yeremia akasema.

"Tangu lini, mwenyekiti?" Muganyizi akauliza.

"Tangu tulipojenga."

"Mlijenga lini?"

"Miaka sita." Akafikiri. "Saba, tukihesabu na msingi."

"Kumbe muda nao unazeeka," Dorcas akasema, na wanawake wakacheka, wakiwa wameziba pua kwa vitenge.

Muganyizi aliandika ukurasa mzima na nusu. Akapima kwa hatua zake kutoka kwenye bomba hadi kwenye ubao. Kisha akaenda kunywa chai kwa Yeremia, maana alikuwa ameshaalikwa.

Baada ya wiki mbili neno la mwisho likaja, lenye muhuri. Katekista alilisoma kwa sauti mbele ya pipa. Lilisema pipa halina kosa na litabaki mahali lilipo. Lilisema bomba limeonekana na litashughulikiwa katika bajeti ijayo au inayofuata. Lilisema tena kwamba, kwa kuwa upepo unapozibwa harufu hujikusanya sehemu moja na kuwa kero kwa wageni, msimamizi wa kibati atakiacha wazi kwa upana usiopungua vidole viwili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kasoro dakika ishirini za mchana atakazochagua mwenyewe kwa ajili ya kazi yake.

"Soma tena pale pa kubaki," Specioza akasema.

Katekista akasoma tena. Specioza akafanya ishara ya msalaba, akaenda kushika zege la miguu ya pipa, lilikuwa na uvuguvugu. Dorcas akampiga begani. Siku hiyo walikula sato mzima wawili, wakanyonya na mifupa.

Yeremia mwenyewe alikuja kesho yake, amevaa shati la kanisani, na gunia la mkaa kwenye toroli. Alikuwa mtu wa adabu akishapata alichotaka.

"Mama, tusiwekeane kinyongo. Sisi ni majirani."

Specioza aliutazama mkaa. Ulikuwa wa mti mgumu, unalia kama chupa ukigonganisha. Alisema asante, akampa kiti, Yeremia akakaa, wakaongea habari za mvua.

Kazi ikabidi ajifunze upya. Vidole viwili ni hewa nyingi kwa pipa lile, na siku ya kwanza aliunguza nyavu mbili. Siku ya pili alipunguza mkaa nusu. Siku ya tatu akaacha kabisa kugombana na tundu la chini, akatafuta kifuniko cha sufuria, akakiweka juu ya dohani na kukiegemeza kwa jiwe, akibana hewa inakotokea badala ya inakoingilia. Upepo wa nje haukujali kifuniko, uliendelea kuvuma. Ndani moto ukatulia, moshi ukawa mwembamba, wa buluu. Akaona hata ni afadhali kuliko mwanzo, samaki wanatoka na rangi ya asali. Wateja wa Buzuruga waliiona rangi hiyo wakaanza kuagiza mapema.

Upepo wa vidole viwili ulivuma tangu asubuhi hadi jioni bila kupumzika. Uliichukua ile harufu nyuma ya nyumba ya wageni, ukaipitisha mwaloni haraka kiasi kwamba hakuna aliyepata nafasi ya kuilalamikia, ukaipandisha kwenye nyumba za juu katikati ya mawe, ambako ndiko upepo unakogonga na kusimama. Wa juu hawana kamati.

Siku moja alishuka kutoka huko mama mmoja aitwaye Ng'washi, na sangara watatu wa kubanikiwa kwenye beseni. Alikaa mpaka moto ukakaa sawa ndipo akasema lililomleta.

"Upepo wenu tumeupata, mama. Ni mzuri, watoto hawatoki vipele vya joto. Shida yake unakuja na choo. Tunakula tumegeukia ukutani."

"Mnakula saa ngapi?"

"Saa saba."

Specioza akafikiri juu ya dakika zake ishirini. Zilikuwa zake, barua ilisema. "Basi saa saba nitaziba," akasema. "Kuleni haraka."

"Tutakula," Ng'washi akasema. "Wa kwangu hawajui kula polepole."

Ikawa hivyo. Saa saba kamili alibana kibati, akaketi kwenye kigoda, akaanza rozari, maana rozari moja na dakika ishirini ni sawasawa. Juu kwenye mawe madirisha yalifunguka, sahani zikasikika. Huku chini madirisha ya nyumba ya wageni yakafungwa, na Yeremia akasogeza chakula cha wageni hadi saa nane, akaandika hivyo kwenye kibao kwa chaki. Hakuna aliyeonewa zaidi ya alivyozoea.

Pembeni ya ule ubao wa kuchotea maji paliwekwa kibao chekundu kisemacho maji si salama. Bomba la maji safi la huko juu hutoa maji Alhamisi, na si kila Alhamisi. Kwa hiyo watu waliendelea kuchota palepale, na watoto walitundika mashati yao kwenye kibao ili yasilowe.

Saa saba na dakika kumi, Specioza akiwa katikati ya rozari, watoto walikuwa wanashuka na ndoo. Hawakuagizwa na mtu. Waligundua wenyewe kwamba saa hiyo ndiyo nzuri, kwa sababu upepo umezibwa, hakuna wimbi la kutibua mchanga, na maji yanasimama kama kioo. Walichota kwa utaratibu, mkubwa akiwajazia wadogo, kisha wakapanda kwa mstari wakipita mbele ya pipa, ndoo mkononi, wakimwamkia mmoja mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mkachemshe."

"Ndiyo bibi."

Alizitazama ndoo zikipita. Maji yalikuwa meupe kabisa, unaona hadi chini.