Ingobyi Yenye Riboni

Sina ugomvi na sherehe. Nina ugomvi na wanaume wa kilima chetu, na wakisoma haya wasome taratibu, waelewe.

Kilima chetu kiko juu ya Rulenge. Barabara ya gari inaishia bondeni, ng'ambo ya kijito, na ndiyo maana tuna ingobyi, machela ya mianzi na kamba ambayo hata babu zetu walibebea wagonjwa. Kila nyumba hutoa mwanamume wa kubeba. Ukipigwa ukunga, ule ukelele wa kuomba msaada, unaacha jembe, unaacha hata sahani ya maharage, unakwenda. Asiyekwenda anajua kuwa siku yake ikifika, watu hawatakuja.

Mwaka huu kamati ya kijiji, chini ya mzee Erasmus, iliamua tuwe na Siku ya Uzazi Salama, na papo hapo tumpongeze Bonifasia. Bonifasia ni mhudumu wetu wa afya, mjane, visigino vimepasuka kwa kutembea nyumba hadi nyumba. Hakuna mama hapa ambaye hakusukumwa naye kwenda kliniki. Mimi alinitoa nyumbani na kijiti mkononi, nikibisha kwamba nimeshazaa mara nyingi na sihitaji kufundishwa. Kupongezwa ilikuwa haki yake, hilo sipingi.

Basi zikaja fulana nyeupe zilizoandikwa "Uzazi salama ni jukumu letu sote". Likaja turubai, zikaja spika. Wanaume wakabeba kochi la Erasmus kutoka sebuleni kwake mpaka uwanja wa shule, ili Bonifasia akae kama bibi harusi. Ingobyi nayo ikateremshwa kigangoni inakotundikwa siku zote, ikavishwa riboni za waridi, ikawekwa mbele ya meza kuu. Wabebaji walitaka kumwonyesha mgeni rasmi jinsi tunavyombeba mama mjamzito. Wa kubebwa alikuwa msichana wa kwaya, mzima wa afya, aliyejifunga mto tumboni.

Jirani yangu Keza hakwenda. Mimba yake ilikuwa imetimia, na mumewe alikuwa Lusahunga akiwauzia madereva wa malori ndizi za kuchoma. Nilipita kumwangalia kabla ya sherehe, nikamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kitenge chote kimeloa damu. Si damu ya uchungu wa kawaida. Hata mimi nisiyesomea niliona hivyo.

"Dada Felisita," akaniambia, "niitie watu."

Nikamwachia mama mkwe wake, nikakimbia. Njiani sikuona bodaboda hata moja. Zote zilikuwa zimefungwa vitambaa na kuteremka kumpokea mgeni, honi zinasikika huko bondeni. Nikafika uwanjani, nikaenda moja kwa moja kwa Erasmus. Sikumwamkia.

"Keza anamwaga damu. Naomba ingobyi na wabebaji."

Erasmus akaitazama ingobyi, kisha akatazama njia. "Mgeni ndiye huyo anapanda, mama. Subiri kidogo tu, aone onyesho, halafu wabebaji wote nakupa. Tukiiondoa sasa ataona nini?"

"Ataona mnabeba mgonjwa!"

Wabebaji walisikia. Walikuwa wamekaa mstari wa mbele, fulana zimepigwa pasi. Wakatazamana, wakamtazama Erasmus, na hakuna aliyenyanyuka. Nilitamani kuwazaba makofi mmoja mmoja.

Aliyenyanyuka ni Bonifasia. Erasmus akamshika mkono. "Mama, leo ni siku yako. Pumzika."

"Nipumzike, Keza akifa?"

Akajitoa. Tukashika ingobyi, lakini inataka mabega manne na sisi tulikuwa wanawake wawili. Hapo honi zikafika, vigelegele vikapigwa, umati ukatusukuma pembeni, hata bodaboda tusizifikie. Tukaiacha, tukakimbia mikono mitupu.

Tulimbeba Keza kwa blanketi, Bonifasia, mama mkwe, mimi na bibi mmoja tuliyemkuta njiani. Tulilenga gari la mgeni rasmi, lililoachwa ng'ambo ya kijito. Blanketi lilikuwa linateleza, tukawa tunamweka chini, tunamnyanyua. Keza hakulalamika. Aliomba maji tu.

Tulipofika kijitoni gari tukaliona. Bonifasia akasema tumlaze, akapiga magoti, mikono yote imejaa damu. Na huko juu spika ikaanza kuita jina lake. Mama yetu Bonifasia apite mbele apokee ngao na kitenge. Ikaita tena. Kisha ikasema ametoka kidogo, mwenyekiti atampokelea, na makofi yakapigwa mpaka bondeni tukayasikia.

Keza akakata roho hapo. Mtoto hakutoka.

Nikapiga ukunga wa msiba kwa nguvu zangu zote. Spika ikanyamaza papo hapo. Kwa mgonjwa walikuwa na mgeni wa kusubiri, ila kwa maiti hakuna wa kusubiriwa, hata awe nani. Wakateremka mbio, wote, weupe kilima kizima, ingobyi mabegani, riboni zinapepea. Erasmus alikuwa nyuma yao anahema, ngao na kitenge kwapani.

"Pole, mama," akamwambia Bonifasia. "Pole sana. Kama tungejua..."

"Mlijua," nikasema.

Bonifasia hakumtukana mtu. Hakuigusa ngao. Alinawa mikono kijitoni, akasogea kwenye ingobyi, akaanza kufungua riboni, moja moja, akizitupa majini. Alipomaliza akawatazama wale wanaume wenye jukumu lao kifuani.

"Leo mmewahi," akasema.

Wakamlaza Keza, wakainama, wakamwinua. Walimbeba vizuri sana, wakipokezana, bila kumtikisa hata kidogo.