Hoya ya Mama Yaokolewa Tayabas

Mama yao alipofariki, Fidela hakugombea nyumba wala vyombo vya kauri. Alichotaka ni hoya tu, ule mmea uliotambaa kwenye nondo za dirisha la baraza, majani mazito yaking'aa kama yamepakwa nta. Lakini Amparo ndiye dada mkubwa. Akaufungua kwenye nondo, akaondoka nao kwenda kwake Lucena.

"Wewe una mimea kibao," alisema. "Niachie huu mmoja."

Mvua za mwisho wa mwaka zilimkuta Amparo mlangoni kwa Fidela, Tayabas, bila hata kupiga simu, amekumbatia chungu kikubwa cha buluu. Majani yalikuwa ya manjano, yamenywea.

"Umeufanya nini, dada?"

"Nimeupenda! Kila asubuhi naumwagilia. Nikaona umebanwa, nikauhamishia kwenye chungu kipana. Na vile vikonyo vikavu vinavyobaki maua yakidondoka, nimevikata vyote."

"Vikonyo hivyohivyo ndivyo vinavyotoa maua tena."

Amparo akaketi kwenye ngazi, machozi yakimlengalenga. "Basi nimemuua mama mara ya pili."

"Acha mambo ya sinema. Nipe mkasi."

Fidela aliung'oa mmea. Mizizi ilikuja myeusi, ikinuka kama maji ya mfereji. Hakushtuka. Alikata shina kidogo kidogo, akipanda juu, mpaka akafika mahali penye kijani na utomvu mweupe ukachuruzika. Palikuwa na uhai wa kutosha. Akagawa shina vipande vipande, kila kimoja kikiwa na vifundo na majani yake, akaviacha vikauke kidonda kabla ya kuvipanda kwenye makopo madogo yaliyojazwa makumbi ya nazi na makaa.

Amparo akanyanyua kata ya maji. Fidela akampiga kofi mkononi.

"Weka chini! Majani yenyewe ndiyo mtungi wake. Yakilegea kidogo ndipo unapounywesha."

"Sasa nifanye nini, niutazame tu?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Vipande vilipoanza kutoa majani mapya, Amparo alikataa kuchukua hata kimoja. "Kaa navyo vyote. Mimi mkono wangu ni mbaya."

Fidela angeweza kukubali. Hicho ndicho alichokuwa akikitaka tangu msibani. Badala yake alichagua kile kilichonenepa kuliko vyote, akamwekea dadaye mapajani. "Mkono wako ni mzuri, una haraka tu. Kiweke kwenye dirisha la mashariki, ukiache."

Mwaka uliofuata Amparo akapiga simu, sauti juu. "Mmea una vitumba vya maua! Jumapili nina wageni, nauhamishia mezani wauone."

"Ukiusogeza utaviangusha vyote. Usiuguse!"

Jumapili Fidela alipowasili Lucena, alisikia vicheko kabla hajabisha hodi. Hoya ilikuwa palepale dirishani, vishada vya nyota za waridi vikining'inia, harufu yake imejaa chumba. Amparo alikuwa amevuta meza nzima ya chakula hadi ukutani chini ya dirisha, na wageni walikuwa wakila tambi wamebanana bega kwa bega, mmoja wao ua likimgusa shavuni.

"Mwembamba wewe," Amparo alimwita mdogo wake, akisukuma kigoda kwa mguu. "Pita chini ya meza, nimekuwekea nafasi."