Kilo ya Gunia

Rodah alisonga ugali mara mbili asubuhi hiyo. Sufuria ndogo ilikuwa yake na mumewe, kubwa ilikuwa ya mbwa. Ule wa mbwa aliuacha upoe juu ya jiwe kando ya tangi, kisha akaumega kwa mkono, akauchanganya na omena, wale dagaa wa ziwani, waliochemshwa bila chumvi, yai moja na kijiko cha mafuta ya kupikia. Kipkurui, mumewe, alisimama mlangoni akinywa chai ya rangi, maana maziwa yalikuwa yameshamiminwa kwenye bakuli la mbwa.

"Huyu anakula kunishinda," alisema Kipkurui. "Na bado mbavu zake unazihesabu ukiwa barabarani."

Mbwa mwenyewe aliitwa Skadi. Alipata jina hilo wakati wa vita vya Ghuba, redio ilipokuwa ikitaja makombora ya Skadi kutwa kucha, kwa sababu hata akiwa mtoto alikuwa akifyatuka mlangoni na hakuna aliyejua angetua wapi. Sasa ilikuwa tisini na tatu, vita vilikwisha zamani, lakini Skadi hakuwa ameambiwa. Alfajiri alimsindikiza Rodah kwenye shamba la chai kabla ukungu haujainuka. Mchana aliwafukuza nyani kwenye mahindi, akawapeleka ng'ombe mtoni na kuwarudisha, akazunguka boma kuhakikisha hakuna kilichohama. Sally, binti yao wa mwisho, alikuwa shule ya bweni, na nyumba ingekuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne kama si huyo mbwa. Rodah alimpenda, na hakuona haya kulisema.

Kwa hiyo alipoanza kukonda, Rodah alimuita Joab, daktari wa mifugo, mtu wa upande wa ziwani aliyeishi hapo kwao Sosiot muda mrefu hadi akajua ng'ombe wa watu kwa majina. Joab alimpapasa Skadi, akamwangalia ufizi, akampa dawa ya minyoo.

"Mama Sally, mbwa wa kukimbia hivi anachoma chakula kama jiko bovu," alisema. "Usimpe mara moja sufuria nzima. Mpe kidogo kidogo, asubuhi, mchana, jioni. Mafuta ongeza polepole, asiharishe. Omena, mayai, matumbo ya ng'ombe ukipata. Na kila wiki mpime, ndio tujue kama tunapanda ama tunashuka."

Hapo kwenye kupima ndipo palipokuwa na kazi. Kwenye kinu, mahindi yalipimwa kwa gorogoro, kopo la bati, si kwa mizani. Muuza nyama alikuwa na mizani, lakini alisema yeye hapimi kitu chenye roho. Ikabaki mizani ya senta ya chai, ile ya saa yenye mshale, iliyoning'inia kwenye banda la mabati ambako wakulima wote wa upande ule walipeleka majani yao.

Karani wa senta alikuwa Kipsang, mtu mpole, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya. Hakukataa. Ijumaa, watu walipomaliza kupima chai, Skadi alitiwa ndani ya gunia kichwa kikiwa nje, gunia likatundikwa kwenye ndoano. Kipsang alisubiri mshale utulie, akausoma, kisha akatoa kilo moja kwenye hesabu.

"Ya gunia," alisema, kama alivyomwambia kila mtu.

Gunia lenyewe lilikuwa la nailoni. Likianikwa kwenye ua bila kuwekewa jiwe, upepo ulilibeba hadi kwa jirani. Kila mtu pale Sosiot alijua kwamba halina kilo, kama alivyojua kwamba mlima ule una mwinuko. Hakuna aliyekaa chini kuulalamikia mlima.

Wiki iliyofuata Skadi alikuwa amekula vizuri, na mshale ulisimama chini ya pale ulipokuwa. Wiki ya tatu ukashuka tena. Rodah aliongeza yai. Akaongeza viazi. Ng'ombe alipozaa, alimpa mbwa dang'a, yale maziwa ya kwanza, jambo ambalo Kipkurui alilitaja mara nyingi. Mshale ulizidi kushuka, na Rodah akachanganyikiwa. Alikuwa amelea watoto, ndama na vifaranga, na katika maisha yake yote kilichokula kilinenepa.

Kila mtu alikuwa na neno. Chepkurui, jirani yake, alisema ni jicho la mtu. Kipkurui alisema mbwa huyo ana boma la pili mahali, anamaliza nguvu zake huko. Rodah alimfungia siku nzima jikoni. Akala, akalala, akaamka amekonda vilevile. Joab alirudi, akampapasa, akakuna kichwa.

"Minyoo hakuna. Macho safi. Huyu ni mzima," alisema. "Ni vile tu hayuko wote hapa."

"Ako wapi?"

"Hapo sijui, mama. Endelea kumpima."

Kulikuwa pia na hilo jambo la lori. Tangu mvua za Aprili, lori la chai lilipoondoka senta jioni, Skadi alilifuata mpaka darajani. Mbwa wengine walilibwekea, wakarudi kulala. Yeye hakubweka. Alilifuata kimya, pua juu, kama ndama anavyomfuata mama yake, na akarudi giza likiingia, amechoka. Rodah aliona ni huo wazimu wake wa kukimbia. Mama mkwe wake, aliyekuwa mtu wa kwanza kupanda chai upande huo, naye katika miaka yake ya mwisho alikuwa na tabia hiyo ya kulifuata lori. Walikuwa wakimrudisha kwa mkono wakisema ni uzee.

Kilichofumbua jambo lenyewe ni kitambaa. Rodah alikuwa amemfunga Skadi kitambaa chekundu kiunoni ili amwone kwenye ukungu. Ijumaa moja, akimtia ndani ya gunia, alihisi kitambaa kimebana. Kidole kimoja kilipita kwa taabu. Alifurahi mno. Kipsang akasoma mshale, akatoa kilo ya gunia, gunia likateremshwa. Skadi alitoka, akajikung'uta, na kitambaa kikamteremka hadi magotini, akakiruka na kukiacha pale sakafuni.

Rodah alikiokota, akamtazama karani. "Umemkata."

"Nimekata kilo ya gunia," alisema Kipsang.

"Imetoka kwa mbwa."

Kipsang aliinama, akampima Skadi kiuno kwa viganja viwili. "Ndiyo," alikubali. "Gunia haikuwa nayo. Sasa ilikuwa itoke wapi?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Gunia hawakulitaja, pengine kwa sababu wakati wao chai haikuwa imefika.

"Si ungeacha kukata, karani? Huyu si chai."

"Mama Sally, mwaka jana niliacha kukatia mzee mmoja. Nilimwonea huruma, alikuwa na kikohozi." Kipsang aliinua sweta. Mshipi wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari, na bado suruali ilishikwa na kamba. "Ikatoka kwangu. Lazima itoke mahali. Mimi nami nina watoto."

Rodah alitazama ile kamba. Kwa miaka mingi watu walimshuku Kipsang kwamba anakula chai yao, na iliwachanganya kwamba alikuwa mwembamba hivyo. Rodah mwenyewe alikuwa amemshuku, na sasa aliona aibu.

"Na ikishakatwa, inaenda wapi?"

"Hapo mimi sifiki," alisema Kipsang, akaanza kufunga senta.

Jioni hiyo Skadi alipoanza kulifuata lori, Rodah alimfuata. Darajani lori lilisimama, kama lilivyosimama siku zote, dereva achote maji ya kupoza injini. Skadi alifika, akaweka miguu ya mbele juu ya bamba la nyuma, na akanenepa. Mbavu zikafunikwa, shingo ikajaa, manyoya yakang'aa kama ya mbwa wa mzungu. Alisimama hapo akitikisa mkia taratibu, mkia mnene ambao Rodah hakuwahi kuuona.

Dereva, kijana aliyeitwa Phelix, alikuja na debe lake la maji.

"Mbwa yako?" aliuliza. "Kila siku ananenepa hapa. Nikitoka, anakonda."

"Unabeba nini humo ndani?"

"Majani tu, mama. Angalia." Alifunua turubai. Yalikuwa majani tu. "Lakini hii gari sijawahi kuielewa. Hata nikishapakua kiwandani, inapanda mlima na gia ya kwanza."

"Naweza kushusha ya mbwa wangu?"

Phelix alilifikiria ombi hilo kwa heshima. "Mimi hubeba tu," alisema. "Kushusha ni mambo ya kiwanda."

Akawasha injini. Lori lilipoondoka, miguu ya Skadi ilianguka chini, na mbavu zikarudi moja baada ya nyingine. Rodah alimbeba hadi nyumbani. Hakuwa mzigo, na njia nzima Rodah alilia kwa hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani.

Joab alipoelezwa alisikiliza mpaka mwisho. "Basi usimpime," alisema. "Chakula endelea nacho. Tutamwangalia kwa macho."

Na ikawa hivyo. Ugali, omena, mayai, viazi, kidogo kidogo, mara tatu kwa siku. Kabla shule hazijafungwa kitambaa chekundu kilikuwa kinabana, na kabla ya Krismasi Rodah alilazimika kukiongezea kipande. Skadi bado alikimbia huku na huko, lakini sasa alikimbia na nyama yake. Lori lilipopita aliinua sikio moja, akalala tena. Mbwa hana kinyongo. Akishapata kilo mpya, haulizi za zamani.

Habari ilienea, na watu waliipokea vizuri. Chepkurui aliacha kumpeleka mtoto wake senta kumpima. Kipkurui alirudishiwa maziwa yake. Kanisani mtu alipendekeza waende kiwandani kuulizia, wote wakakubali kwamba ni wazo zuri, na wakatafuta siku ambayo si ya kuchuma chai. Siku hiyo haikupatikana.

Maana mbwa unaweza kuacha kumpima, lakini chai je? Senta ilikuwa hiyo moja. Januari majani yalipokuja kwa wingi, Rodah alibeba gunia lake kama kawaida, akalitundika kwenye ndoano. Kipsang alisubiri mshale utulie. Hakumtazama usoni.

"Toa ya gunia," alisema.

"Toa," alisema Rodah.

Lori lilipakiwa, likaondoka. Rodah alikunja gunia lake tupu, akashika njia ya nyumbani akiwaza kama omena watatosha hadi siku ya soko. Alipoinua macho alikuwa darajani. Chepkurui alikuwa kando yake, na wanawake wengine watatu wa senta, na mzee mmoja aliyekuwa na kikohozi. Hakuna aliyeuliza mwenzake amefuata nini. Lori lilikuwa limesimama, Phelix akichota maji.

Rodah aliweka mkono juu ya bamba la nyuma. Gauni lilimbana mabegani na kifuani. Mikono yake ilijaa, na pete ya ndoa, aliyokuwa akiifunga kwa uzi isimdondoke, ilikaa kidoleni imara kama siku ya kwanza. Alijitazama. Alikuwa mwanamke mkubwa, mzuri, na hakuwa anajua.

Injini ikawaka, lori likapanda mlima kwa gia ya kwanza, na gauni likalegea. Wengine waligeuka kurudi. Rodah alibaki amesimama, mpaka alipohisi kitu kinamvuta. Skadi alikuwa ameuma pindo la gauni lake, na taratibu, bila kubweka, alimrudisha nyumbani. Jiko lilihitaji kuwashwa, na kesho yake ilikuwa siku ya kuchuma.